Kitako cha Taa ni Hesabu

Ilikuwa yapata saa mbili na nusu usiku. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na binti yetu, wakati huo mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa ameinama mezani akimalizia zoezi la jiografia. Mbele yake ilisimama chupa ya soda iliyojazwa mafuta ya taa hadi mabegani, kizibo chake kimetobolewa na utambi wa tambara umepitishwa humo. Mama yake akapita nyuma ya kiti akienda jikoni. Hakuigusa meza wala hakuigusa chupa kwa mkono; ni ncha ya kanga yake tu iliyoipitia shingo ya ile taa. Chupa ikayumba, ikarudi, ikayumba tena, ikalala. Kisha ikabingirika.

Yaliyofuata hayakuchukua hata nusu dakika. Mafuta yalienea juu ya daftari, moto ukayafuata mafuta, na mkono wa mtoto ulikuwa njiani. Moto tuliuzima kwa blanketi zito lililokuwa kitandani, na mkono tukaumwagia maji ya mtungini kwa muda mrefu kabla ya kukimbilia hospitali. Leo binti huyo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na kovu lingalipo, tangu kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

Majirani waliokuja kutupa pole walikubaliana kwamba ajali haina kinga. Mimi nilikwenda mbali zaidi: nilimlaumu mke wangu, mbele ya watu, kwa kupita ovyo. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba methali ile, kwa habari ya taa, si kweli, na kwamba mwenye kosa hakuwa yeye. Chupa ile ilikuwa tayari kuanguka tangu dakika ilipowekwa mezani, na aliyeiweka ni mimi.

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya zamani tu. Ni kweli kwamba siku hizi nyumba nyingi za mijini zina umeme, na taa za nguvu za jua zinauzwa hata magengeni. Hata hivyo koroboi haijastaafu. Umeme ukikatika hutolewa chini ya kabati, au mahali pake huchukuliwa na mshumaa uliogandishwa juu ya kifuniko cha kopo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuungua, walio wengi mno wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Si wote wanaounguzwa na taa, la hasha. Yako majiko, yako na maji ya moto. Lakini taa iangukayo imo katika hesabu hiyo, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kurekebishwa.

Mstari usioonekana

Liko tawi la fizikia linaloshughulika na vitu vilivyotulia: nyumba, madaraja, rafu za vyombo, ngazi iliyoegemezwa ukutani. Tawi hilo huitwa statiki. Jina lisimtishe mtu. Sehemu inayohusu taa haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya, na mwenye kumaliza elimu ya msingi anaiweza.

Jambo la kwanza ni hili. Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote ni kana kwamba umekusanyika. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito. Katika mpira ni katikati, hata kama mle ndani hamna kitu ila hewa. Katika jembe ni karibu na chuma, ndiyo maana mtu akitaka kulisawazisha jembe juu ya kidole kimoja hana budi kukisogeza kidole upande wa chuma. Sasa chora kwa fikira mstari ulionyooka kutoka kitovu hicho kwenda chini, kama uzi wa timazi ya mwashi. Madhali mstari huo unaangukia ndani ya kitako, kitu kitasimama, na hata kikiinamishwa kidogo kitarudi penyewe. Mstari ukivuka ukingo wa kitako, hata kwa upana wa unywele, kitu kinaanguka.

Kwa hiyo unaposema taa fulani ni imara, maana yake ni kwamba unaweza kuiinamisha sana kabla mstari ule haujafika ukingoni. Na mambo mawili ndiyo yanayoamua: upana wa kitako, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka mezani. Chupa yetu ya soda ilikuwa na kitako chenye nusu kipenyo cha sentimita 3, na ilipojaa mafuta kitovu chake cha uzito kilikuwa kiasi cha sentimita 9 kwenda juu. Chupa ya namna hiyo hupinduka ikiinamishwa nyuzi 18 tu. Ile koroboi ya bati ambayo mafundi wetu huitengeneza kwa makopo, yenye nusu kipenyo cha sentimita 3 na kitovu katika sentimita 5, husubiri hadi nyuzi 31. Na chombo kifupi, kinene, chenye nusu kipenyo cha sentimita 4 na kitovu katika sentimita 3, hakipinduki mpaka kivuke nyuzi 53, yaani kimeshalala zaidi ya nusu.

Angalia vyema kwamba katika hesabu hiyo sikutaja uzito hata mara moja. Chupa ya kilo moja na chupa ya kilo kumi, zikiwa na umbo lilelile, hupinduka katika pembe ileile. Wengi hudhani kuwa kitu kizito ndicho kitu imara. Uzito una kazi yake, nayo ni nyingine.

Somo la mzega

Wazee wa pwani wanaukumbuka mzega: ufito unaobebwa begani, debe la maji mbele na debe nyuma. Madebe yakilingana, bega hukaa katikati ya ufito. Debe moja likipungua maji, mbebaji husogeza bega kuelekea lile zito, na mzigo ukatulia tena. Hakufundishwa na mtu. Lakini alichokuwa akikifanya ndicho kile alichokiandika Archimedes wa Siracusa katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kwamba uzito mdogo ulio mbali na egemeo hulingana na uzito mkubwa ulio karibu nalo. Zidisha uzito kwa umbali wake upande huu, zidisha upande ule. Majibu yakiwa sawa, hakuna upande utakaoshuka.

Katika taa, egemeo ni ukingo wa kitako, upande ule taa inakosukumwa kuangukia. Upande mmoja wa egemeo uko uzito wa taa, ukizidishwa kwa umbali kutoka ukingo hadi chini ya kitovu. Upande wa pili uko msukumo wa kiwiko, wa paka, au wa kanga, ukizidishwa kwa kimo cha mahali ulipogusa. Hapa ndipo uzito unapopata heshima yake: taa nzito haiinami kwa urahisi, kwa kuwa inadai msukumo mkubwa ili ianze kuondoka.

Nilirudi siku moja kuipima upya ile chupa. Pamoja na mafuta ilikuwa kama gramu 600. Zidisha kwa sentimita 3 za nusu kipenyo, unapata 1,800. Kanga iligusa shingo, sentimita 20 juu ya meza. Gawanya 1,800 kwa 20, jibu ni gramu 90. Msukumo wa gramu 90! Mayai mawili ya kuku wa kienyeji hukaribia uzito huo. Chupa ya uzito uleule, lakini fupi, yenye nusu kipenyo cha sentimita 4 na inayoguswa katika kimo cha sentimita 8, ingedai gramu 300. Kanga ile ile, pita ile ile, na taa isingetikisika. Mtu niliyemlaumu alikuwa amesukuma mayai mawili.

Saa nne usiku si sawa na saa moja

Liko jambo jingine ambalo sijamsikia mtu akilisema kwa watumiaji wa koroboi, nalo ni kwamba taa ya mafuta si kitu kimoja usiku kucha. Mafuta ni sehemu ya kitako chake, na kitako hicho kinaungua.

Chukua kopo la bati lenye kipenyo cha sentimita 7 na kimo cha sentimita 12, lenye uzito wa gramu 100 likiwa tupu. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa karibu gramu 800, kwa hiyo ukilijaza hadi sentimita 10 umeongeza gramu zipatazo 300. Kitovu cha uzito kiko kama sentimita 5 na robo. Mafuta yanapopungua, kitovu huteremka, na yanapofika karibu na sentimita 4 kimeshuka chini kabisa ya vile kiwezavyo. Mpaka hapo pembe ya kupinduka imeongezeka, na mtu angeweza kusema taa imekuwa salama zaidi. Lakini mafuta yakizidi kwisha kitovu hupanda tena, maana kinachobaki ni bati na kichwa cha utambi. Na muda wote huo uzito umekuwa ukipungua. Lilipojaa, kopo lilihitaji msukumo wa karibu gramu 120 kwenye ncha yake ili lianguke; mafuta yakibaki sentimita 1, zinatosha gramu 40 hivi. Ni theluthi moja ya nguvu za awali, na hutokea saa ambayo mama amechoka, baba anasinzia, na mtoto anapapasa kutafuta kalamu iliyoanguka.

Anayetaka kujaza mafuta wakati huo na azime taa kwanza, aiache ipoe. Na asichanganye kamwe mafuta ya taa na petroli, hata kwa kijiko.

Daktari mpasuaji wa Sri Lanka

Aliyeichukua hesabu hii na kuipeleka majumbani kwa watu hakuwa mhandisi bali daktari. Katika nchi ya Sri Lanka, kama kwetu, familia zisizo na umeme zilikuwa zikijitengenezea taa kwa chupa za dawa na makopo yaliyotupwa. Dakta Wijaya Godakumbura, mpasuaji, alikuwa akiwapokea hospitalini watu walioungua kwa taa hizo. Angeweza kuendelea kushona ngozi mpaka astaafu, na hapana ambaye angemlaumu. Yeye akaanza kutazama chupa.

Mwaka 1992 alianza kazi ya kutengeneza taa iliyo salama. Mfano wake wa kwanza ulikuwa chupa ya Marmite, ile kahawia, fupi, yenye tumbo pana. Kutokana na hiyo akabuni taa ndogo ya kioo kinene, ambayo hutengenezwa kwa vioo vilivyokwisha kutumika. Ni fupi na nzito, kwa hiyo kitovu chake kiko chini. Kifuniko chake ni cha chuma na hukazwa kwa kuzungushwa, ili hata ikianguka mafuta yasimwagike. Kioo ni kinene, hakivunjiki upesi. Na pande zake mbili ni bapa.

Hizo pande bapa ndizo zilizonifanya nivue kofia. Godakumbura hakujidanganya kwamba taa yake haitaanguka kamwe. Alijiuliza: ikishaanguka, je? Chupa ya mviringo ikilala, kitako chake kipya ni ubavu wake, na ubavu wa mviringo huigusa meza kwenye mstari mmoja mwembamba. Pumzi tu huibingirisha. Chupa ya pande bapa ikilala, inalala. Binti yetu aliungua si kwa sababu chupa ilianguka bali kwa sababu, baada ya kuanguka, ilimfuata alipokuwa amekaa.

Mwaka 1998 daktari huyo alipata tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo, na malaki ya taa zake yamegawanywa nchini mwake. Taa yenyewe haina hata kipande kimoja cha ufundi ambacho mtu wa karne iliyopita asingekielewa.

Taa ya mezani

Mjukuu wetu alipoanza masomo ya sekondari niliamua kumtengenezea taa ya kusomea ya umeme, yenye balbu ambayo ina betri ndani yake na huendelea kuwaka umeme ukikatika. Taa ya namna hii haina mafuta ya kumwagika, lakini ina tabu yake: kichwa chake hakiko juu ya kitako. Kimetokeza mbele, kama mtu anayechungulia kisimani. Fundi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amekwisha kunitengenezea mti wake kwa bomba jembamba, na kitako cha ubao wa mninga, kizuri kwa macho. Tulipokaza balbu, taa ikasujudu mbele yetu sote.

Fundi alitaka kuongeza ubao mwingine. Nilimwomba tukae kwanza na penseli.

Tulipima kwa mizani ya muuza duka. Kichwa, yaani balbu, kishikio na kofia yake, kilikuwa gramu 400, nacho kilitokeza sentimita 30 mbele ya katikati ya kitako. Bomba lilikuwa gramu 200, na kitovu chake kilikuwa sentimita 15 mbele ya hapo. Tukakubaliana kwamba taa iweze kuvumilia msukumo wa gramu 300 katika kimo cha sentimita 40, kiasi cha kiwiko cha kijana anayegeuka upesi.

Tuanze na kitako cha duara chenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Kichwa kimevuka ukingo kwa sentimita 20: kilo 0.4 mara 20 ni 8. Bomba limevuka kwa sentimita 5: kilo 0.2 mara 5 ni 1. Msukumo, kilo 0.3 mara 40, ni 12. Jumla 21. Kitako chenyewe kinavuta upande wa pili kwa umbali wa sentimita 10, hivyo 21 gawanya kwa 10: kitako kiwe kilo 2 na gramu 100. Fundi akaguna, maana kitako chake cha mninga hakikufika hata robo tatu ya kilo.

Akauliza, je, tukikitanua? Hilo ndilo swali. Nusu kipenyo kikiwa sentimita 12, kichwa kinavuka kwa 18 tu, bomba kwa 3. Jumla inakuwa 19.8, nayo inagawanywa kwa 12. Jibu ni kilo 1 na gramu 650. Kikiwa sentimita 15, kilo 1 na gramu 200 zinatosha. Na mwenye kupenda vitu vyembamba akitaka kitako cha sentimita 7, basi ajitayarishe kubeba zaidi ya kilo 3 na robo. Upana unalipa mara mbili: unapunguza kinachotokeza nje, na unaongeza umbali ambao kitako chenyewe kinavuta. Ndiyo sababu sentimita mbili za upana hushinda karibu nusu kilo ya uzito.

Waitalia wawili, ndugu Achille na Pier Giacomo Castiglioni, walikwenda njia ya uzito mwaka 1962. Walitaka taa ya sakafuni inayoinama kama upinde na kuangaza meza ya kulia, bila kutoboa dari. Taa yao, iitwayo Arco, inasimama juu ya bonge la marumaru la kilo 65 hivi. Bonge hilo lina tundu, nalo si pambo: hupitishwa mpini wa ufagio ili watu wawili waweze kulibeba. Ni kazi nzuri mno, ila sisi tunaoishi katika vyumba viwili hatuna mahali pa kuiweka.

Liko jingine lililo rahisi kuliko yote, na fundi ndiye aliyeligundua, si mimi. Mti wa taa si lazima upandwe katikati ya kitako. Ukirudishwa nyuma sentimita 10, katika kile kitako cha sentimita 12, kichwa kinavuka ukingo kwa sentimita 8 badala ya 18, na uzito wa bomba unahamia upande wetu. Tulipiga hesabu upya: kilo 1 na gramu 150. Tukaangalia na upande wa nyuma, asije akaisukuma mtu kutoka mbele ikaanguka kisogo. Huko ilikuwa na nguvu za ziada maradufu.

Tulichagua zege. Sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo, ndani ya ukanda wa bati uliokunjwa mduara. Sentimita 2 za unene katika duara lile zinatoa kilo 2 na ushei, kupita tunachohitaji. Mninga wa ukubwa huo ni kama nusu kilo. Mpingo, mti mzito unaozama majini, ungetoa kilo moja hivi, lakini mpingo ni wa kuchongwa vinyago, si wa kutupwa chini ya taa. Zege lilinyunyiziwa maji siku 7 ili lisipasuke.

Miguu na matambara

Wako wapendao taa yenye miguu badala ya kitako bapa. Miguu mitatu haichezi hata kwenye sakafu mbovu, kama kigoda kisivyocheza. Lakini mtu asidanganyike. Taa yenye miguu mitatu haipindukii kwenye mguu, hupindukia katikati ya miguu miwili. Miguu ikiwa sentimita 12 kutoka katikati, ukingo halisi uko sentimita 6 tu. Miguu minne hutoa sentimita 8 na nusu, mitano karibu 10. Ndiyo maana viti vya ofisini vyenye magurudumu vina miguu mitano.

Chini ya kitako usibandike mpira. Hapa najua nitabishiwa, maana mpira unaonekana kuwa ni usalama. Kitu kinachosukumwa kina njia mbili: kuteleza au kupinduka. Mpira huifunga njia ya kwanza, na kuiacha ya pili. Taa fupi na pana juu ya tambara la blanketi kuukuu huteleza vidole viwili ikasimama, na hakuna kilichoharibika. Sharti lake ni moja: isikae ukingoni mwa meza. Na waya wa umeme utokee chini, pembeni mwa kitako. Waya unaotokea juu ya mti ni mkono wa mtu unaosubiri kuvuta.

Kwa mwenye koroboi, kuna jaribio la dakika tano. Izime, imwage mafuta, utie maji kiasi cha kimo cha kidole kimoja tu, mithili ya mafuta ya usiku wa manane. Isimamishe juu ya kibao chenye urefu wa sentimita 30, uweke kijiti mbele ya kitako isiteleze, kisha inua upande mmoja wa kibao taratibu hadi sentimita 15 kutoka mezani. Hizo ni nyuzi 30. Taa ikianguka kabla ya hapo, isirudi mezani kama ilivyo. Haihitaji kutupwa: isimamishe ndani ya sufuria pana, uizungushie mchanga hadi nusu ya kimo chake. Kitako kimekuwa kipana, uzito umeongezeka chini kabisa, na mafuta yakivuja yananywewa na mchanga. Mshumaa nao, uchomekwe humo humo.

Zege lilipokauka tulikaza mti, tukabandika tambara, nikaiweka taa juu ya meza ileile ya zamani. Nilimwita mke wangu nikamwonyesha karatasi ya hesabu, kuanzia ile ya chupa: gramu 600, sentimita 3, sentimita 20, gramu 90. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyoyasema usiku ule mbele ya majirani. Aliisoma karatasi polepole, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga yake. Kisha akapita nyuma ya kiti, akaipiga taa kwa ncha ya kanga. Haikutikisika. Akarudi, akaipiga kwa kiwiko. Ikateleza upana wa vidole viwili, ikasimama.

"Ipake rangi," akasema. "Na hiyo ndoo ya zege lililobaki iondoe mlangoni, watu watajikwaa."